Inteki ya hewa baridi kwa GT86: niweke ndefu, fupi, au nibadilishe filta tu?

GiaYaTatu

Wakuu habarini. Nina Toyota GT86, gia za mkono, injini ile ya FA20 lita 2.0, iko ya kiwandani kabisa haijaguswa hata bolti. Naendea nayo kazini, na mara moja moja naipeleka traki zile siku wanaruhusu watu wa kawaida kuingia. Sasa nataka nianze kuigusa taratibu, na kila ninayemuuliza ananiambia anza na inteki (paipu na filta ya kuingizia hewa kwenye injini), unafunga mwenyewe, sauti inabadilika na nguvu za farasi zinaongezeka. Sawa nimeelewa, ila nikianza kuangalia zilizopo ndo nachanganyikiwa kabisa.

Kichwani nimebaki na tatu. Moja ni filta tu ya kudondoshea ndani ya boksi lile lile la kiwandani, hizi za pamba za kuosha na kurudishia. Ya pili ni inteki fupi, paipu inatoka kwenye throto (mlango wa hewa wa injini) inaishia na filta ya koni hapo hapo ndani ya boneti, nyingine zinakuja na kibati cha kuzuia joto nyingine hazina. Ya tatu ni ile ndefu yenyewe, paipu inashuka mpaka nyuma ya bampa karibu na taa za ukungu na filta inakaa kule chini kwenye upepo.

Ninachotaka ni sauti kidogo (siyo ya kuamsha mtaa), nguvu hata kama ni chache ila ziwe za kweli, na injini isije ikafa. Kutyuni kompyuta (kuipangia upya mafuta na cheche) sitaki kwa sasa, labda baadae huko. Wauzaji karibu wote wameandika namba tamu tamu za farasi kwenye maboksi yao, sijui niamini ipi. Halafu kuna lile bonde la msukumo kati ya mizunguko elfu 3 na nusu na elfu 4 na nusu kwa dakika, kila mwenye gari hii analijua, unakanyaga unaona kama gari imesinzia kidogo ndo inaamka. Kuna mtu kaniambia inteki inalifuta. Ni kweli au ananipiga fiksi?

SautiKwanza

Chukua ndefu usijiulize mara mbili. Niliweka kwenye gari ya aina hiyo hiyo na nikaacha kusikiliza redio aisee, ukikanyaga mpaka chini kuanzia elfu 4 kwenda juu kuna mngurumo unatoka kule mbele hadi unatafuta sababu ya kushusha gia. Ukiendesha taratibu haisikiki, kwa hiyo majirani wako salama. Kuhusu farasi sijui na wala sijali. Gari ya michezo ni raha, mwenye kutaka hesabu anunue kikokotoo.

VipimoKwanza

Raha sina ugomvi nayo, ila jamaa kauliza nguvu za kweli kwa hiyo ngoja nianzie hapo, samahani ni ndefu.

Injini ya lita 2 inajaza silinda zake zote mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Maana yake ukiwa elfu 7 inameza karibu lita 7,000 za hewa kwa dakika, kama lita 117 kila sekunde. Inteki inaweza kukusaidia kwa kupunguza ugumu wa kuvuta hewa hiyo, au kwa kuleta hewa yenye ubaridi zaidi. Kuna na mambo ya urefu wa paipu kucheza na mawimbi ya hewa, yapo kweli, ila hayo waachie watu wenye daino (mashine ya kupima nguvu ya gari) na muda wa kukata paipu vipande vipande.

Tuanze na ubaridi. Hewa ikipoa inakuwa nzito, na kwenye joto la kawaida kama nyuzi 30 kila ukipunguza nyuzi 10 unapata hewa zaidi kwa karibu asilimia 3. Igeuze hesabu sasa. Inteki fupi iliyo wazi ndani ya boneti, gari imesimama kwenye foleni, filta inavuta hewa ya nyuzi 60 wakati nje ni 30, umeshapoteza kama asilimia 9 ya hewa kabla hujakanyaga. Na juu ya hapo kompyuta ikiona hewa ya moto inarudisha taimingi nyuma (inachelewesha cheche za plagi) kulinda injini isigonge, yaani mafuta yasilipuke ovyo ndani ya silinda, maana hii FA20 mgandamizo wake ni 12.5 kwa 1, siyo injini ya kuichezea na joto. Gari ikikimbia joto linapungua, hilo nakubali, ila nani anakimbia muda wote. Kwa hiyo inteki fupi isiyo na boksi ndo chaguo la kwanza ningelifuta.

Halafu kitu ambacho wauzaji hawakitaji: boksi la kiwandani la GT86 tayari ni inteki ya hewa baridi. Fungua boneti uangalie, mdomo wake uko mbele kabisa juu ya rejeta, unavuta hewa ya nje. Ukiambiwa unanunua "hewa baridi" jiulize baridi kuliko ipi.

Ugumu wa kuvuta. Hapa watu wanabishana miaka wakati unaweza kupima mwenyewe na mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Ukunje umbo la U, tia maji yenye rangi kidogo, upande mmoja uunganishe kwenye paipu kati ya filta na throto, mwingine uache wazi ndani ya gari. Weka na kichupa katikati ya njia maji yasije yakavutwa. Tafuta sehemu iliyofungwa, traki ndo penyewe, gia ya tatu kanyaga mpaka chini hadi karibu na mwisho wa resi, abiria aangalie tofauti ya kimo cha maji pande mbili. Kila sentimita 10 ni karibu kilopaskali 1, na hewa iliyotuzunguka usawa wa bahari ni kilopaskali 101. Kwa hiyo kila sentimita 10 ni kama asilimia 1 tu ya hewa unayopoteza. Ukisoma sentimita 10, hata ukiing'oa filta na boksi zima ukatupa, huwezi kupata zaidi ya hiyo asilimia 1 hivi, na asilimia 1 ya farasi 200 unaijua mwenyewe. Ukisoma 40 hapo tunaongea lugha nyingine.

Ukishajua namba yako maboksi yenye ahadi ya farasi 15 yatakuchekesha. Kumbuka toleo la 2017 la gia za mkono lililouzwa Marekani lilipanda kutoka farasi 200 kwenda 205, na kupata hizo 5 wahandisi wa kiwandani waligusa manifodi (mabomba yaliyofungwa kwenye injini) ya kuingizia hewa na ya ekzosi, ya kutolea moshi. Sasa mtu anakwambia paipu moja na filta ya koni inakupa mara tatu yake. Na mara nyingi grafu zao za daino siyo uongo moja kwa moja, wanapima tu boneti ikiwa wazi na feni kubwa inapuliza filta, hali ambayo wewe barabarani hutaiona. Au gari ilipimwa kwanza ikiwa na filta chafu. Au injini ilikuwa ya moto mara ya kwanza na imepoa mara ya pili. Akikuletea grafu muulize kama boneti ilifungwa na joto la hewa lilikuwa ngapi mara zote mbili, ukiona anazunguka endelea na safari yako.

Sasa sensa ya MAF, ile ya kupima hewa inayoingia, na hapa ndo injini zinapoumia. Ile sensa haipimi hewa yote inayopita, ina kiwaya cha moto kinachoonja kasi ya hewa kwenye sehemu moja ya paipu, halafu kompyuta inapiga hesabu ikiamini kipenyo cha paipu ni kile kile cha kiwandani. Ni kama mlinzi aliyekaa mlango mmoja anahesabu watu, wewe ukafungua mlango wa pili pembeni bila kumwambia. Mfano paipu ya milimita 70 ukaweka ya 76, inaonekana tofauti ndogo lakini eneo limeongezeka karibu asilimia 18. Hewa ile ile inapita taratibu zaidi, sensa inasoma pungufu, kompyuta inamwaga mafuta pungufu, mchanganyiko unakuwa mwembamba. Ukiendesha kawaida sensa ya oksijeni inashtuka na kurekebisha. Ila ukikanyaga mpaka chini gari nyingi zinaacha kuisikiliza kwa ukaribu, zinafuata ramani ya mafuta iliyoandikwa kiwandani, ndo hapo mafuta yanapungua wakati injini inayahitaji kuliko wakati wowote. Kwa hiyo kama hutaki kutyuni, swali la kwanza kwa muuzaji yeyote ni kipenyo cha ndani pale sensa inapokaa, na kama kile kiwavu cha kunyoosha hewa mbele ya sensa kipo au wamekitoa. Akijibu "inaingia bila tyuni" bila namba, hajajibu.

Bonde la msukumo: umepigwa fiksi. Waliolipunguza wengi walibadilisha manifodi ya ekzosi na kutyuni pamoja. Paipu ya inteki peke yake haifuti bonde hilo.

BoksaTabo

Naunga mkono karibu yote ila naomba tusichanganye magari, maana vijana wengi wanaangalia video za Subaru WRX halafu wanaenda kununulia gari isiyo na tabo (kifaa cha kusukuma hewa kwa presha kwenye injini).

Mimi niko upande wa tabo. Kwetu ugumu wa kuvuta unauma tofauti. Chukua tabo inayotakiwa kutoa kilopaskali 200 za jumla. Hewa ikiifikia na 100 kamili inazidisha mara 2. Ikifika na 97 kwa sababu ya filta na paipu mbovu inabidi izidishe zaidi ya 2.06 kupata kile kile, maana yake inazunguka zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi, mzigo unaenda kwa intakula (kipoza hewa ya tabo). Kwa hiyo inteki nzuri kwenye tabo inaweza kukupa kitu cha kuonekana, hasa ukishapandisha presha kwa tyuni. Ile miluzi ya tabo nayo unaisikia vizuri, hiyo ndo inauza hizi seti kwa kweli.

Lakini ndo huku huku watu wanachoma injini. WRX na STI za MAF ukibadilisha paipu ya sensa bila tyuni unacheza na pistoni, gari iko kwenye presha, mchanganyiko mwembamba, inaanza kugonga, na zile kuta nyembamba kati ya ringi za pistoni za EJ25, injini ya Subaru, hazina uvumilivu. Kwetu inteki ya kubadilisha kipenyo na tyuni ni kitu kimoja, hununui nusu.

Na kuna gari hazina MAF kabisa, Honda S2000 kwa mfano inatumia sensa ya presha kwenye manifodi, hizo zinavumilia zaidi kubadilishiwa paipu. Kwa hiyo rafiki yako mwenye S2000 akikwambia "mimi niliweka tu na haina shida" hakudanganyi, ila gari yake siyo yako.

GiaYaTatu

Duh, asanteni sana wakuu. @VipimoKwanza nimesoma mara mbili, hiyo ya maji nitaifanya, mpira ninao. Swali dogo: seti nyingi zinajisifu paipu ya aluminiamu iliyong'arishwa, nyingine silikoni, nyingine kaboni faiba. Aluminiamu si inashika joto la injini na kupasha hewa?

SautiKwanza

Kaboni faiba ukifungua boneti watu wanakusanyika. Hiyo peke yake ni farasi 5 za moyoni.

VipimoKwanza

Hahaha sina jibu la hapo.

Kuhusu joto la paipu, watu wanaliogopa kuliko inavyostahili. Zile lita 117 kwa sekunde zikipita kwenye paipu ya milimita 70 zinakwenda karibu mita 30 kwa sekunde. Paipu ya sentimita 60 hewa inaimaliza ndani ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde, haina muda wa kupashwa kihivyo. Kwenye resi za chini na foleni hewa inatembea pole pole, hapo aluminiamu itapasha kidogo, lakini hapo pia hutafuti nguvu. Kinachokula nguvu ni filta kuvuta hewa ya moto tangu mwanzo. Chagua paipu kwa namna inavyokaa na jinsi sehemu ya sensa ilivyotengenezwa, siyo kwa kung'aa. Hata plastiki ya kiwandani haina kosa lolote.

FundiMkonoMweusi

Nimechelewa kuingia ila kuna mambo mmeyapita juu juu na mimi ndo nakutana nayo kwenye kazi.

La kwanza maji. Hiyo inteki ndefu ya nyuma ya bampa inavuta hewa safi kweli, lakini filta iko chini sana. Ukiingia kwenye dimbwi lenye kina filta ikazama, injini haichagui, inavuta maji. Maji hayagandamiziki. Pistoni inapanda inakuta maji juu, kitu lazima kikubali, na mara nyingi ni konrodi ndo inapinda. Kuna gari moja iliyokuja imevutwa, mwenyewe anasema ilizima tu kwenye maji akajaribu kuiwasha tena na tena. Hapo kwenye kuiwasha ndo alimalizia. Ikizimikia majini usiguse swichi, plagi zinatolewa kwanza, maji yanasukumwa nje. Mvua ya kawaida haina tatizo hata kama filta inalowa, tatizo ni kuzama. Wapo wanaouza vali ya kukatisha mvuto, AEM wanayo moja, inavuta hewa ya juu filta ikizibwa na maji. Inasaidia, na haikupi ruhusa ya kuvuka mito. Kama gari unaenda nayo kazini mvua na jua, mimi chaguo namba 3 nalitoa mezani.

La pili filta zenyewe. Filta ya karatasi ina sifa mbaya kwa watu wa magari ya kasi na haistahili. Inachuja vizuri na ikianza kushika vumbi kidogo inachuja vizuri zaidi, hadi pale inapoziba. Za pamba za kupaka oili kama K&N zinapitisha hewa kirahisi na zinadumu, ila kila filta inayopitisha kirahisi kwa ukubwa ule ule kuna kitu inalipia, na mara nyingi ni vumbi laini. Kama unapita barabara za vumbi fikiria mara mbili, lile vumbi ni mchanga, unasaga ringi na kuta za silinda kimya kimya. Kampuni ikikuonyesha matokeo ya kipimo cha ISO 5011 yaangalie yote, siyo mstari wa hewa peke yake, angalia imeshika asilimia ngapi ya vumbi. Filta za nyuzi kavu zisizo na oili ziko katikati, mimi nazipenda kwa sababu nyingine, hakuna mtu wa kuzidisha oili.

Maana hiyo oili ni kesi. Mtu anaosha filta, anaipaka kama anakaanga chapati, anarudishia ikiwa bado inadondoka. Oili inakwenda kukaa kwenye kile kiwaya cha MAF, vumbi linanata juu yake, sensa inaanza kusema uongo. Ukichagua ya oili paka kidogo, iache usiku mzima, na kuwa na ile dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa ajili ya MAF. Siyo ya breki, siyo ya kabureta, na usisugue na pamba ya masikio, kiwaya kinakatika ukikitazama vibaya.

La tatu ufungaji. Nusu ya gari zinazoletwa na taa ya injini baada ya kuwekewa inteki hazina ubovu wa kifaa, ni klempu haijakazwa au mpira mdogo wa kupumulia injini haujarudi kwenye tundu lake. Hewa ikiingia baada ya MAF haijahesabiwa, mimi naiita hewa ya wizi, gari inakuwa na sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa) ya kuyumba na kodi P0171, ya mchanganyiko mwembamba, inatokea. P0101, kodi ya MAF, nayo ikija angalia sensa yenyewe, ina mshale wa upande wa hewa, kuna watu wanaifunga imegeuka. Hakikisha pia paipu haigusi kitu, hii injini inacheza kidogo ukikata gia kwa nguvu, paipu iliyobanana na bodi itajitafuna hadi itoboke.

BoksaTabo

Fundi umenichekesha na chapati lakini ni kweli tupu.

Swali kwako, boksi la kiwandani lina vile vichemba vya pembeni visivyokwenda popote, watu wanavikata wakisema vinaziba hewa. Msimamo wako?

FundiMkonoMweusi

Haviko kwenye njia ya hewa, viko pembeni yake, kazi yake ni kumeza sauti ya aina fulani. Ukivitoa unapata kelele, hupati hewa. Na kama ni kelele tu ndo unataka, GT86 ina kijibomba kimetoka kiwandani kinachopeleka sauti ya inteki ndani kwa dereva, kwa hiyo hata filta ya kudondoshea ikibadilisha sauti kidogo utaisikia kwenye kiti. Watu wa nje hawatasikia kitu, labda ndo kinachomuuma SautiKwanza.

SautiKwanza

Kinaniuma sana. Naendesha kwa ajili ya umma.

GiaYaTatu

Narudi wakuu. Nimefanya ile ya maji traki, jirani yangu alikaa na mpira mkononi anapiga kelele namba. Tofauti kwenye resi za juu ilikuwa ndogo kuliko nilivyotegemea, na iliyonishangaza ni kwamba nilipoweka filta mpya ya karatasi, ya kawaida kabisa, ikapungua tena kwa kuonekana. Kwa hiyo sehemu ya "ugumu" niliokuwa nataka kuulipia ulikuwa uchafu wangu mwenyewe.

Nikachomeka na kile kisomeo cha OBD2 (kinachosoma kompyuta ya gari) nione joto la hewa inayoingia. Gari ikitembea vizuri inakaa karibu na joto la nje, imezidi kidogo tu. Foleni inapanda haraka, ikianza kutembea inashuka baada ya muda. Yaani boksi la kiwandani linafanya kazi yake.

Kwa hiyo fupi ya wazi nimeifuta, ndefu ya bampa nimeifuta kwa sababu ya maji. Sauti bado naitaka lakini, sitadanganya. Nimekuta aina ya nne ambayo sikuitaja mwanzo, filta ya koni ndani ya boksi lililofungwa lenye mfuniko, linavuta hewa kwenye mdomo ule ule wa mbele, na muuzaji kanitumia vipimo vya sehemu ya sensa, ni sawa na ya kiwandani na kiwavu kipo. Filta ni ya nyuzi kavu. Nikishafunga nitoe waya wa betri ili kompyuta ijifunze upya au niache?

VipimoKwanza

Hiyo ndo ningechukua. Usitegemee kushinda mtu kwa sababu yake, ila haitakurudisha nyuma, na siku ukiamua manifodi na tyuni utakuwa na pa kuanzia.

Betri unaweza kutoa au kuacha. Ukitoa inaanza kujifunza kwenye sifuri, ukiacha itajirekebisha yenyewe ukiendesha mchanganyiko wa mjini na barabara kuu. Cha maana ni hiki: kabla hujafungua chochote soma marekebisho ya muda mrefu ya mafuta kwenye OBD2, andika, kwenye sailensa na ukiwa unatembea mwendo wa kawaida. Baada ya kufunga endesha siku kadhaa halafu soma tena hali zile zile. Ikiwa ndani ya asilimia 5 juu au chini umelala usingizi. Ikipanda kuzidi jumlisha 10 kwenye mwendo, basi kipenyo siyo kile walichokwambia au sensa haioni hewa vizuri, rudisha boksi la zamani kabla hujaipeleka traki. Ikiwa mbaya kwenye sailensa peke yake na kwenye mwendo iko sawa, tafuta hewa ya wizi ya fundi, ndo inavyojionyesha.

FundiMkonoMweusi

Na boksi la zamani usiuze. Lifunge kwenye gunia uweke stoo na bolti zake zote.

GiaYaTatu

Poa sana. Namba za kabla nimeshachukua leo asubuhi, kwenye mwendo inacheza kati ya jumlisha 1 na jumlisha 3. Boksi likifika nitabandika za baada hapa hapa.